Pongezi kwa Wanaosoma Leseni

Katika zahanati za Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, wahudumu hujaza kwa kalamu vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Takwimu hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye programu ya DHIS2, kisha Wizara ya Afya, hapa Dodoma, huzisoma. Programu hiyo inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, lakini haiuzwi. Leseni yake ya BSD inamruhusu yeyote kuinakili, kuibadili, hata kuifanyia biashara, mradi ahifadhi tamko la hakimiliki na asitumie majina ya wenyewe kujinadi.

Heko kwa watengeneza programu wetu wanaolisoma tamko hilo mpaka mwisho! Maana OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006, ina sharti jingine: chini ya leseni ya Mozilla, faili lake ukilibadili na kulisambaza, msimbo wake lazima ubaki wazi. Anayeunganisha mifumo hii, akahifadhi majina ya waliomtangulia na kuandika alichobadili yeye, anafanya kazi ya kiungwana. Atakayeurithi mfumo wake atajua lipi aweza kulifunga na lipi hana ruhusa.