SHULE NA SOKO: UHAKIKI WA MAFUNZO YA FASIHI YA KISWAHILI KATIKA MAZINGIRA YA GIKOMBA

Utangulizi

Kuna dhana iliyoenea miongoni mwa walimu na wahakiki wa Kiswahili nchini Kenya ya kwamba mitaa ya mashariki ya Nairobi ni adui wa lugha sanifu. Dhana hiyo humwonyesha mwanafunzi wa Gikomba, Majengo au Shauri Moyo kama mtu aingiaye darasani akiwa amekwisha kuharibika ulimi, naye mwalimu huwa kama tabibu aliyepewa kazi ya kumtapisha Sheng kabla ya kumnywesha Kiswahili. Makala haya yanakusudia kuipima dhana hiyo kwa kuangalia mambo matatu: historia ya Kiswahili mahali penyewe, sura ya mji katika baadhi ya vitabu vilivyotahiniwa au kusomwa na vijana wa shule, na namna soko linavyoingizwa katika mtihani wa Kiswahili wa sekondari. Hoja inayotetewa ni kwamba shule ya umma iliyoko kando ya soko imepewa hazina ya lugha na fasihi ambayo mtaala umekwisha kuikubali kwa maneno, lakini mafunzo hayajaitumia kwa vitendo.

Kiswahili cha Gikomba kina umri gani?

Watu wengi huzungumza juu ya Gikomba kana kwamba Kiswahili kilifika huko juzi, tena kikiwa kimevunjika. Historia haikubaliani nao. Viwanja vya Pumwani vilipimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili pawe makao ya Waafrika wa Nairobi, baada ya vijiji vya awali kama Pangani, Maskini na Kaburini kuonekana na serikali ya kikoloni kuwa kero. Pangani yenyewe ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wa wakazi wake wakahamia upande huu. Jina la Kariokor, mtaa ulio jirani, ni matamshi ya Kiswahili ya lile jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi hao, pamoja na askari, wachuuzi na wanawake waliojijengea nyumba zao wenyewe na kupangisha vyumba, ndio walioufanya mji huo. Habari za wanawake hao zimechunguzwa kwa kina na Janet Bujra na Luise White. Watu wa makabila mbalimbali walikutana katika ua mmoja, wengi wakasilimu, na lugha ya ua huo ikawa Kiswahili.

Yafaa kuzilinganisha tarehe. Mkutano wa Mombasa uliokichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji ulifanyika mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Basi wakati Kiswahili sanifu kilipokuwa kikitengenezwa na kamati, Kiswahili cha Pumwani kilikuwa kikitengenezwa na wapangaji. Viwili hivi ni rika moja. Kimoja kilipata kamusi, sarufi na mtihani. Cha pili kikabaki mdomoni. Mwanafunzi anayeambiwa leo kwamba kwao hakuna Kiswahili huwa anaambiwa jambo lisilo kweli juu ya nyanya yake.

Sheng nayo ilichipuka katika mitaa hii. Abdulaziz na Osinde, katika makala yao ya mwaka 1997, waliihusisha na vijana wa Eastlands wa tangu miaka ya 1970. Chege Githiora, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameiona kuwa ni aina ya Kiswahili cha Kenya yenye ngazi zake. Mtu anaweza kubishana na maoni hayo, lakini ni vigumu kukana kwamba viambishi, upatanisho wa ngeli na mpangilio wa sentensi za Sheng kwa sehemu kubwa ni vya Kiswahili.

Mji katika vitabu

Ikiwa shule inataka kumfundisha mtoto wa Gikomba kwa njia ya fasihi, yapasa kuuliza ni mji gani anaoukuta vitabuni. Mifano mitatu itatosha. Katika Kill Me Quick (1973), Meja Mwangi anawaleta vijana wawili, Meja na Maina, waliomaliza masomo na kuja mjini kutafuta kazi. Mji unawalisha majalalani na hatimaye kuwatia gerezani. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna aliyefungiwa nyumbani kwa baba yake, Bw. Maksuudi, anatoroka na kuangukia katika nyumba ya Bi Kirembwe, ambako maisha ya ulevi na ukahaba yanakaribia kummaliza. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege, tamthilia iliyopata kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya, mji wa Cheneo unatazamwa kutoka ofisi ya meya: wafanyakazi wanaidai haki yao mlangoni, na tatizo kuu ni uongozi.

Vitabu hivi vina thamani kubwa, na ukali wao juu ya dhuluma una haki. Hata hivyo, katika viwili vya kwanza mtu hufika kwenye mji au huangukia humo. Mji ni tumbo linalomeza mgeni. Katika cha tatu mji ni baraza na malalamiko yake. Nafasi isiyojazwa ni ya mtu aliyezaliwa sokoni, anayejua bei ya kila kitu kabla ya kujua kusoma, na ambaye kwake mji ndio kijiji. Mwanafunzi wa namna hiyo husoma habari za upotovu wa mji na kugundua kwamba upotovu huo, kwa mujibu wa kitabu, ndio anwani yake. Mwalimu asipolijadili jambo hili waziwazi, fasihi huwa imemfundisha mtoto kuona haya kabla ya kumfundisha kuhakiki.

Soko katika karatasi ya mtihani

Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985 kufuatia mapendekezo ya Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Katika mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya kwanza ni ya insha, ya pili ni ya lugha na ya tatu ni ya fasihi. Ndani ya karatasi ya pili, isimujamii imetengewa alama 10. Swali lake huwa mara nyingi ni dondoo fupi la mazungumzo. Mtahiniwa hutakiwa kuitambua sajili na kueleza sifa zake. Sajili ya sokoni ni miongoni mwa zile zinazofundishwa kwa ajili hiyo.

Sifa zinazotajwa vitabuni zinajulikana: lugha ya kushawishi, urudiaji, msamiati wa biashara, kuchanganya ndimi, na kutozingatia sana kanuni za sarufi. Mwanafunzi wa shule za Pumwani au Shauri Moyo huzikariri sifa hizi kutoka ubaoni, ilhali sauti za wauzaji zinapita dirishani. Jioni akienda kumsaidia mama yake kufunga kibanda, anaitumia sajili hiyohiyo kwa ustadi. Kesho yake akiiingiza katika insha, anakatwa alama. Kukatwa huko kunaweza kuwa haki, kwa kuwa insha rasmi ina sajili yake. Kasoro ni kwamba mara nyingi haelezwi sababu. Anachobaki nacho ni kuwa jambo moja ni maarifa katika karatasi ya pili na ni kosa katika karatasi ya kwanza.

Maneno machache ya Gikomba yatosha kuonyesha kinachopotea. Neno mtumba katika kamusi ni robota au mzigo wa nguo. Sokoni limepanuka likawa jina la nguo yenyewe iliyokwisha kuvaliwa, na wingi wake, mitumba, likawa jina la biashara nzima. Nguo bora za chaguo la kwanza huitwa kamera, na zile za mwisho, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, huitwa fagia. Neno fagia ni kitenzi kilichogeuka kuwa nomino bila kuongezwa kiambishi. Kiswahili sanifu hunyambua ufagio na mfagiaji. Soko limechukua amri ya kufagia na kuifanya jina la kinachofagiwa. Jua kali, nalo, ni mahali pa kazi palipogeuka kuwa jina la kazi, na toka mafundi wa Kamukunji waanze kutambuliwa na serikali katika miaka ya 1980 limeingia katika hotuba na nyaraka rasmi. Hapa pana somo la upanuzi wa maana, la uundaji wa maneno na la sitiari, na mwanafunzi ameshalijua nusu yake kabla ya kengele kulia.

Fasihi simulizi na nyanjani

Pengo hili ni kubwa zaidi katika fasihi simulizi, ambayo hutahiniwa katika karatasi ya tatu. Mtaala unazitaja misimu, lakabu, malumbano ya utani na ulumbi kuwa tanzu au vipera halali. Aidha unafundisha utafiti wa nyanjani: maandalizi, kushuhudia, kurekodi, kuhoji na kuhifadhi. Vijana hukariri hatua hizi na kuziandika kwa ufasaha, pasipo kwenda nyanjani hata siku moja, hali nyanja yenyewe iko nje ya lango. Kunadi kwa muuzaji wa mitumba kuna mizani, takriri na kiitikio. Mchongoano wa vijana wa mtaani ni utani wa kulumbana wenye sheria zake za kushinda na kushindwa. Lakabu za wabeba mizigo zina historia ndani yake.

Tena nyanja hii haitangoji. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 peke yake uliua watu wasiopungua 15. Kila moto na kila ubomoaji huwatawanya wauzaji, na pamoja nao hutawanyika majina na masimulizi. Wazee wa Majengo wanaokumbuka ngoma na hadithi za mji wa zamani wanapungua.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema kwamba mtihani ni wa taifa zima, na kwamba mtoto wa Gikomba anashindana na mtoto wa Lamu na wa Kitui. Kumlea katika lugha ya soko ni kumnyima silaha. Pingamizi hili ni zito, na wale wanaoisifu Sheng bila kujali hatima ya mtahiniwa hawajalijibu. Mtoto wa mchuuzi anakihitaji Kiswahili sanifu kuliko mtoto wa tajiri, kwa sababu hana mlango mwingine. Lakini lugha sanifu hufundishwa vizuri zaidi kwa kulinganisha. Mwanafunzi aliyerekodi mnada, akauandika kama ulivyo, kisha akaueleza kwa Kiswahili sanifu, amefanya kazi ya isimujamii, ya fasihi simulizi na ya insha kwa mara moja. Swali la mtihani libaki la kitaifa. Mifano ya kufundishia iwe ya mahali.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya 8-4-4 unasisitiza ushirikiano wa shule na jamii. Yaelekea basi wakati umewadia wa mambo matatu. Kwanza, idara za Kiswahili katika shule za mitaa hii zianzishe makusanyo ya fasihi simulizi ya soko na ya Majengo, yakifanywa na wanafunzi kwa idhini ya wasimulizi. Pili, vyuo vikuu vilivyomo Nairobi viyahakiki na kuyahifadhi makusanyo hayo, na kuwafunza walimu wanagenzi mbinu za kuyatumia. Tatu, wateuzi wa vitabu vya fasihi watafute kazi zinazomchora mzaliwa wa mji, na waandishi wahimizwe kuziandika. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mwalimu akubali kwamba mzazi aliye kibandani naye ni msimulizi wa kuhojiwa, na kwamba mtoto wake amekuja shuleni na Kiswahili cha kuanzia.