Meza ya Carson, Kiti cha Arsenio

Johnny Carson alikuwa akiendesha The Tonight Show ya NBC tangu tarehe 1 Oktoba 1962. Januari 1989 ilimletea wapinzani wawili ndani ya wiki moja: tarehe 3 Arsenio Hall, mchekeshaji kijana aliyetoka kuigiza na Eddie Murphy katika filamu ya Coming to America, na tarehe 9 Pat Sajak wa CBS, aliyependwa nchi nzima kwa kuendesha mchezo wa Wheel of Fortune. Mwenye kuweka dau angemwekea Sajak. Alikuwa na jina, na mtandao mzima wa vituo ulikuwa nyuma yake. Aprili 1990 kipindi chake kikafungwa.

Itazameni studio yake: meza, kochi la mgeni, msaidizi wa kucheka, bendi, utani wa kufungulia kipindi. Kila kitu cha Carson kilikuwemo isipokuwa Carson. Mtu aliyezoea kumaliza siku yake na mzee yule hakupewa sababu yoyote ya kubadili chaneli.

Arsenio aliitoa meza. Wengi huona hilo ni pambo tu. Mimi naona ndipo kazi ilipoanzia. Meza humpa mtangazaji pa kujificha na pa kuwekea karatasi, tena humkweza juu ya mgeni wake. Ikiondoka, mwili wote unaonekana, mtangazaji analazimika kumwinamia mgeni na kumsikiliza, na kamera inawashika wawili katika picha moja. Nyuma ya bendi ulikaa umati ulioitwa Dog Pound, watu wakizungusha ngumi hewani na kubweka badala ya kupiga makofi. Kabla mgeni hajaketi, aliyeko nyumbani alishajua kwamba hapa si kwa mzee.

Kilichomjenga zaidi ni orodha ya wageni. Arsenio hakugombea watazamaji wa Carson. Aliwakusanya waliokuwa wamezima televisheni kwa sababu hawakumwona mtu wao: wanamuziki wa rapu, waigizaji weusi, nyota ambao kwa Carson walipita kwa nadra au hawakupita kabisa. Ndiyo maana nyota wa mpira wa kikapu Magic Johnson, baada ya kutangaza tarehe 7 Novemba 1991 kwamba ana virusi vya UKIMWI, kesho yake usiku alikuwa kwa Arsenio. Tarehe 3 Juni 1992 mgombea urais Bill Clinton alivaa miwani myeusi na kupuliza saksafoni pamoja na bendi. Ofisi yake ya kampeni ilijua vijana wanatazama wapi.

Hapa Lubumbashi, ukipima vipindi vipya dhidi ya RTNC Katanga, kituo cha serikali tulichokizoea, vingi naviona vimefuata njia ya Sajak. Watayarishaji wanabadilisha taa na rangi ya ukuta, kisha wanawaketisha wanasiasa walewale kujadiliana kwa Kifaransa cha semina. Mama anayeuza unga soko la mtaa wetu wa Kenya ana maneno mengi kuhusu bei ya mahindi kuliko mheshimiwa yeyote, lakini haitwi, na akiitwa anaulizwa kwa Kifaransa. Ajabu, maana kundi la maigizo la Mufwankolo liliingiza Kiswahili cha mji huu redioni na kwenye televisheni zamani sana, na mji ukalipenda.

Kuna upande wa pili, na huo ndio uliomwangusha Arsenio mwenyewe. Hakuwa na mtandao. Paramount iliuza kipindi chake kituo kwa kituo, mji kwa mji, vikiwemo vituo shirika vya CBS na Fox ambavyo usiku vilikuwa na nafasi. Carson alipostaafu Mei 1992, Jay Leno aliirithi meza, na mtayarishaji wake Helen Kushnick akawabana wageni waliokwenda kwa washindani. NBC ilimfukuza Kushnick mwaka huohuo. Agosti 1993 CBS ikamleta David Letterman, Septemba Fox ikamleta Chevy Chase. Chase hakufika Novemba, lakini vituo vilivyombeba Arsenio vilishazitaka saa zake kwa vipindi vya mitandao yao. Arsenio akasukumwa kwenye saa za watu waliolala, na tarehe 27 Mei 1994 akaaga.

Kwetu anayeweza kukuondoa hewani si mshindani peke yake. Nyota, kituo cha televisheni cha mwanasiasa Moïse Katumbi, kilifungwa mwaka 2016 baada ya yeye kuachana na kambi ya Joseph Kabila, rais wa wakati huo, na kikarudi hewani 2019. Kila kipindi kilichokuwa mle kilinyamaza pamoja nacho, kizuri na kibaya. Kwa hiyo mtayarishaji wa hapa akishapata wageni wake, namuuliza jambo moja kabla hata sijaiona studio: rekodi za vipindi ni mali ya nani, yake au ya mwenye kituo?