Kiraka na Kipodozi

Katika chuo cha ualimu tulizoea kuwafundisha wanachuo kwamba mhakiki hana budi kutazama mambo mawili: kile ambacho kazi inasema, na namna inavyokisema. Tuliyaita maudhui na fani. Sioni sababu ya kanuni hiyo kuishia kwenye riwaya na tamthiliya. Kazi yoyote ya mikono inayotutaka tuiamini inastahili kuhakikiwa, hasa ile ambayo watu hukaa ndani yake na kuiwekea rehani maisha yao. Kwa hiyo msomaji asishangae nikihakiki lori.

Lori lenyewe ni Bedford la zamani, lenye boneti ndefu mbele, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1958. Jirani yangu hapa Ijuganyondo alilinunua likiwa limelala miaka mingi chini ya mti, akalipeleka kwa fundi wa bodi ili aondoe mabati yaliyooza, hasa sakafu ya kebini na madigadi, kisha lirudi barabarani kubeba ndizi na kahawa kutoka Muleba. Sasa kazi imekwisha na rangi inang'aa. Sisi wa umri wangu tunalitazama kwa macho mengine, kwa maana malori ya namna hii tuliyaona yakipita katika barabara zetu za vumbi enzi ambazo Chama cha Ushirika cha Bukoba, kilichoanzishwa mwaka 1950, kilikusanya kahawa ya wakulima, kabla vyama vikuu vya ushirika havijavunjwa nchini mwaka 1976.

Kampuni ya General Motors, iliyomiliki jina la Bedford, ilifunga shughuli hiyo ya malori huko Uingereza katika mwaka 1986. Kwa hiyo hakuna duka la Bukoba ambako mtu ataagiza sakafu mpya ya kebini kama anavyoagiza plagi. Fundi hulazimika kuiunda mwenyewe, kwa bati, nyundo na kumbukumbu ya umbo. Hapo ndipo ufundi wake unapokuwa utunzi, na ndiyo maana nasema unahakikika.

Kwanza tumfahamu adui. Kutu ni chuma kilichoungana na hewa na maji. Kwetu maji hayana uhaba: Bukoba hupata mvua ipatayo milimita 2,000 kwa mwaka, na umande wa ziwa hauishi. Lakini mvua inayonyesha juu ya bati na kukauka si hatari sana. Hatari ni maji yanayokaa. Hukaa chini ya mkeka wa mpira ambao dereva hukanyagia. Hukaa ndani ya tope lililojibana kwenye kona za madigadi. Hukaa katikati ya mabati mawili yaliyolaliana, mahali ambapo brashi ya rangi haifiki. Tena kutu huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma ilichokila. Ndiyo sababu huvimba, hubetua rangi na kusukuma maungio hadi yaachane. Ukiona kipele kidogo kwenye rangi, jua nyuma yake pana kidonda kikubwa.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Upande wa kulia, anakokaa dereva, fundi amefanya jambo la kusifiwa. Alikata bati lote lililooza, akaendelea kukata mpaka alipofika kwenye chuma kizima chenye kung'aa. Kabla ya kukata alichomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa mlango, ili kebini isilegee na mlango ukakataa kufunga. Sakafu mpya aliikata kwenye pipa la mafuta, bati lenye unene unaofaa kazi hiyo. Kisha akaligonga juu ya reli kuukuu na kuliwekea migongo kama ile ya kiwandani. Migongo hiyo si pambo: bati bapa hupiga kelele na kunepa likikanyagwa, bali bati lenye migongo husimama. Alichomelea vipande vifupi vifupi, akirukaruka huku na huku, ili joto lisikusanyike mahali pamoja na kulipinda bati. Mwisho akaingia chini na kupaka rangi mgongo wa maungio, maana moto wa kuchomelea huunguza kila kinga iliyokuwapo nyuma. Hapa fani na maudhui vimekubaliana. Lori linasema, "Nikanyage," na kweli linakanyagika.

Upande wa kushoto, anakokaa utingo, mambo ni kinyume kabisa. Kwa juu huwezi kuona tofauti. Nilichukua sumaku ndogo, moja ya zile tulizokuwa tukifundishia sayansi, nikaipitisha kwenye kona ya kebini. Upande wa kulia ilinata. Upande wa kushoto iliteleza na kuanguka. Sumaku haidanganywi na rangi: hapo palikuwa na puti nene, si chuma. Nikalala juu ya gunia, nikamulika chini kwa tochi. Bati la zamani halikuondolewa. Lilikuwa linaning'inia vipande vipande kama majani makavu ya mgomba, na bati jipya limelazwa juu yake na kushikizwa pembeni kwa matone machache ya moto. Kati ya bati jipya na bovu pana nafasi ya kutosha maji kuingia, ila pa kutokea hamna.

Fundi cherehani yeyote wa sokoni anajua kwamba kiraka hakishonwi kwenye kitambaa kilichooza, maana uzi utakosa pa kushika. Ndivyo ilivyo kwa chuma. Tone la moto likiwekwa kwenye ukingo uliokwisha liwa, linashika ganda tu. Nayo puti kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo yaliyoachwa na nyundo. Ikijazwa kwenye tundu hunyonya unyevu, hupasuka kwa mtikisiko, na wakati huo wote inaficha uharibifu unaoendelea nyuma yake. Nikiwa mwalimu ningeuita upande huu insha ya mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri asiyekuwa na hoja.

Lakini mhakiki mwadilifu hamhukumu mtunzi bila kuuliza alikuwa anatunga kwa ajili ya nani. Nilimwuliza fundi. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nilitaka kukata na upande ule. Mwenye gari akasema sakafu haionekani, fedha iliyobaki iende kwenye rangi." Nilipomwuliza jirani yangu, hakukana. Alisema dereva ndiye mwenye kazi, utingo anakaa tu.

Basi hapo lawama inagawanyika, na sehemu kubwa inatuangukia sisi tunaolipa. Hadhira hupata kazi inayostahili. Tukilipa mng'ao, tutapewa mng'ao. Fundi mwenye uwezo wa kutengeneza upande wa kulia ni dhahiri hakushindwa upande wa kushoto, alielekezwa ashindwe. Na lililo baya zaidi, ana wanagenzi wawili wanaojifunza kwake. Katika lori moja wamefundishwa kazi mbili, na wameona kwamba zote mbili zimesifiwa sawa na wapita njia.

Wako watakaosema kwamba gari kuukuu ni kuukuu, na kila kitu kina mwisho wake. Nakubali. Lakini tusichanganye uzee na udanganyifu. Litazame Land Rover, gari tulilolizoea tangu zamani. Lilipoanza mwaka 1948 lilipewa mwili wa aloi ya alumini, kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo huko Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwili huo haushiki kutu kama bati la chuma, lakini chesesi yake ni ya chuma. Hivyo mtu anaweza kununua Land Rover yenye ngozi safi kabisa, kumbe mifupa imeoza. Kwa Land Rover hakuna aliyekusudia kumhadaa mnunuzi. Ni tabia ya metali mbili tofauti. Kwa Bedford letu udanganyifu umepakwa kwa mikono, tena kwa kulipiwa.

Nalisema hili katika mkoa ambao haukukijua chuma jana. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science habari za ufuaji wa kale wa chuma huku kwetu, baada ya uchimbaji katika mahali kama Katuruka kuonyesha kwamba watu wa pande hizi walikuwa wakiyeyusha chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Chuma chao kilitoka katika mawe na udongo wa nchi hii. Kutu ni njia yake ya kurudi huko. Hatuwezi kuizuia milele, lakini tunaweza kuikata inapoanza, kwa gharama ya bati moja na siku mbili za kazi.

Hukumu yangu ni hii. Upande wa kulia ni kazi bora, na fundi yule nampa alama za juu bila kusita. Upande wa kushoto ufunguliwe, ukatwe mpaka kwenye chuma kizima, uundwe upya, hata kama rangi itabaki na kovu. Na yeyote anayepeleka gari lake kwa fundi asisubiri siku ya rangi. Aende siku moja kabla, bati likiwa bado uchi, akatazame juu na chini, kisha ndipo alipe.

Nimemweleza jirani yangu hayo yote. Amesema atafikiri baada ya msimu wa kahawa. Kwa sasa lori linakwenda Muleba na kurudi, na kijana wa watu anakaa upande wa kushoto.