Kinywe Ndani ya Tofali

Feleji iliyoyeyuka humiminwa katika ndoo kubwa ya kiwandani ikiwa na joto la nyuzi 1,600 za Selsiasi au zaidi. Ndoo yenyewe ni ya chuma, nayo ingeyeyuka papo hapo lau si matofali meusi yaliyopangwa ndani yake. Matofali hayo sichoki kuyastaajabia.

Mwili wa tofali ni magnesia, yaani oksidi ya magnesi, isiyoyeyuka mpaka nyuzi zipatazo 2,800. Lakini joto si adui pekee. Juu ya feleji huelea mavi ya chuma, uji wa moto unaopenya vitundu vya tofali na kulila kutoka ndani, hata uso wake ukabanduka kama ganda. Katika miaka ya 1970 mafundi wa Japani walitia katika magnesia kinywe, yaani grafiti, madini ya kaboni yenye magamba kama yaliyoko Mahenge, kwetu Tanzania. Mavi ya chuma hayashiki juu ya kinywe, kama maji yasivyoshika juu ya jani la mgimbi. Tena kinywe hupitisha joto upesi na hutanuka kidogo, basi tofali halipasuki kwa mshtuko wa moto.

Ustadi umo katika kipimo. Kwa kawaida kinywe huwa asilimia 5 hadi 20. Kikipungua, uji hupenya. Kikizidi, joto huvujia ganda la ndoo, na kaboni huingia katika feleji isiyoitaka. Punje za magnesia huchanganywa kubwa kwa ndogo, zikafungwa kwa gundi ya resini. Mashine inapogandamiza, magamba ya kinywe hulala kama kurasa za kitabu, na fundi hana budi kujua yamelalia upande gani, kwa kuwa joto hukimbia zaidi kufuata urefu wa magamba.

Udhaifu wa kinywe ni hewa, maana huungua. Kwa hiyo hutiwa unga wa alumini, uinase oksijeni kabla haijakifikia kinywe, tena uzibe vitundu.

Jambo linalonigusa zaidi hutokea kazini. Ndani ya tofali, kaboni huipokonya magnesia oksijeni yake. Mvuke wa magnesi husogea kuelekea uso wa moto, hukutana na oksijeni tena, ukageuka tabaka jembamba la magnesia iliyoshikamana. Ngao hiyo haikufyatuliwa na mashine yoyote. Fundi alipima mchanganyiko wake vema, kisha akauachia moto sehemu yake ya kazi.