Mashujaa Wanapokutana Ugenini: Juu ya Sheria ya Kichekesho

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo wahakiki wetu wamelipita kando, pengine kwa kuliona la kitoto. Nalo ni mchezo wa kuwakutanisha katika kisa kimoja mashujaa wa hadithi zisizohusiana, ili msikilizaji acheke. Kwa kawaida mchezo huu huanza na swali: nani atamshinda mwenzake? Dai letu ni kwamba swali hilo ndilo linaloua kichekesho. Kicheko hakitoki katika kupimana nguvu, bali katika kugongana kwa sheria ambazo kila shujaa huja nazo kutoka kwao. Tutalipima dai hili kwa mifano ya Kwale, kwa kuwa huko mipaka tunayoichora katika mihadhara yetu hupata taabu kubwa.

Tuanze mbali kidogo. Huko Marekani Superman alitokea mwaka 1938 na Spider-Man mwaka 1962, kila mmoja akiwa mali ya kampuni yake ya vitabu vya picha: wa kwanza DC, wa pili Marvel. Mwaka 1976 kampuni hizo mbili, ingawa zilikuwa zikishindana, zilishirikiana kuwakutanisha katika kitabu kimoja. Ili pigano liwezekane, ilibidi Spider-Man apewe kwa hila nguvu za mionzi ya jua jekundu. Baadaye mashujaa hao walipatana na kuwakabili maadui zao kwa pamoja. Hapana aliyeshindwa, na hapana shaka kila mwenye mali aliilinda mali yake. Lakini mahali panapochekesha hasa ni pale nguvu za mionzi zinapokwisha. Spider-Man anaendelea kumpiga mwenziwe, naye Superman amesimama tu, mpaka mikono ya mpigaji inauma. Hapo sheria ya Superman imerudi mahali pake, nasi tunacheka.

Mashujaa wetu hawana kampuni inayowamiliki. Hata hivyo, nao hawakutanishwi. Katika mkusanyo wa hadithi za Unguja alioutoa Edward Steere mwaka 1870, Liongo yumo na Sungura yumo. Wamekaa katika jalada moja bila kuamkiana. Kinachowatenga ni nini? Tunaona kwamba ni uainishaji wetu wenyewe. Liongo tumemweka katika utendi, hasa tangu Muhammad Kijumwa alipomtungia utenzi mwaka 1913. Sungura tumemweka katika ngano, na Abunuwasi katika hekaya. Kisha tukaongeza ukuta wa pili, yaani ukuta wa asili: huyu wa Kibantu, yule wa Kiarabu, na yule wa Waswahili wa Pate.

Ukuta huo haukuwahi kuwa imara. Abunuwasi wa hekaya ni mhamiaji aliyetokana na jina la mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid, na kisa chake cha sufuria iliyozaa na kufa husimuliwa pia juu ya Nasreddin Hoja wa Waturuki. Hapa Kenya, marehemu Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi kwa michoro ya Juha Kalulu. Juha ni mjinga maarufu wa masimulizi ya Kiarabu. Kalulu ni sungura kwa lugha za Malawi na Zambia. Iwe mchoraji alikusudia au hakukusudia, mkutano ulikwisha fanyika katika jina lenyewe.

Basi tuje Msambweni. Mtoto wa Kidigo aweza kumsikia Katsungula kwa bibi yake usiku, na kesho yake akamsikia Abunuwasi barazani. Hawaoni kuwa raia wa nchi mbili. Tujaribu kuwakutanisha. Sungura akope sufuria kwa Abunuwasi, na siku ya tatu aseme sufuria imekufa. Abunuwasi hawezi kukana, kwa maana kauli kwamba sufuria hufa ni yake mwenyewe. Lakini yeye hushinda kwa kulishika neno la mtu. Kwa hiyo ataangua kilio, ataita majirani, na kudai kwamba marehemu alifia mikononi mwa Sungura, basi Sungura asimamie matanga. Ili awalishe waombolezaji, Sungura hana budi kupika. Na ili apike, hana budi kuitoa sufuria.

Msomaji ataona kwamba hapana aliyebadilishwa tabia. Sungura amebaki mwongo, Abunuwasi amebaki mshika maneno. Tena kuna sheria ya tatu, nayo ndiyo iliyoamua: desturi ya matanga, ambayo ni sheria ya mahali. Mlete Spider-Man Diani, asikokuta maghorofa marefu ya New York. Atalazimika kupanga foleni na mbega kwenye ngazi za kamba zilizotundikwa juu ya barabara ili wanyama hao wavuke salama. Mlete Superman kwenye Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Chuma hakimwingii, lakini mlangoni atafungwa kaniki kama mgeni mwingine yeyote, na ile chupi aivaayo juu ya suruali itasitirika.

Hata hivyo mchezo una mpaka. Liongo hufa kwa sindano ya shaba kitovuni, kwa mkono wa mwanawe aliyemwamini. Msanii akimleta Sungura aiibe sindano hiyo ili tucheke, atakuwa amemwokoa Liongo na kumpoteza papo hapo. Kwani sheria ya Liongo ni kwamba asiyeshindwa na majeshi hushindwa na damu yake. Ukiiondoa, hubaki mtu mrefu mwenye upinde.

Kwa kumalizia, hatusemi kwamba uainishaji hauna faida. Pasipo huo tusingeweza kufundisha. Tunasema kwamba swali la asili limechukua nafasi kubwa mno, na limewafanya wanafunzi wa pwani wadhani kwamba lazima wachague babu mmoja wa hadithi zao. Afadhali tuwaulize: shujaa huyu anatii sheria gani, na ni kitu gani hawezi kukifanya hata akipelekwa ugenini? Mwanafunzi anayeweza kumwandalia Abunuwasi matanga ya sufuria kule Msambweni bila kumharibu ameielewa fani ya hekaya, na ya ngano pia.