Sentensi iliyomsahau mtu

Kwa miongo mingi, majaji wa California waliwasomea wanajopo, yaani raia wa kawaida wanaoitwa mahakamani kuamua kesi, sentensi mbili fupi kuhusu kumbukumbu za mashahidi. Ya kwanza ilisema kushindwa kwa kumbukumbu ni jambo la kawaida; ya pili, kwamba ukumbukaji potofu usio na hatia si jambo lisilo la kawaida. Mwaka 2003 Baraza la Mahakama la jimbo hilo liliidhinisha maelekezo mapya ya kesi za madai, na sentensi hizo zikapisha moja tu: kwamba mara nyingi watu husahau mambo, au hukosea katika wanayoyakumbuka. Wengi hulisifu badiliko hili kwa kuwa maneno magumu yalitoka yakaingia mepesi. Sifa hiyo ni ya haki, lakini haijafika kwenye kiini. Kazi kubwa iliyofanyika hapo ni kumrudisha mtu ndani ya sentensi.

Katika maneno ya zamani hakuna anayesahau. Kusahau kumegeuzwa nomino, kukosea kumegeuzwa nomino nyingine ndefu ya kimahakama, misrecollection, na kitenzi pekee kilichobaki ni kile cha "ni", ambacho hakitendi lolote. Msikilizaji ndiye anayeachiwa kazi: amtafute mwenye kumbukumbu, aamue kosa ni la nani, kisha afumbue kanusho mbili zilizopandana, na wakati huohuo jaji ameshasonga mbele. Sentensi mpya inaanza na watu na kuwapa vitenzi vyao. Tena si fupi zaidi: kwa Kiingereza, zile mbili za zamani zilikuwa na maneno 10 kwa jumla, mpya ina 11. Jambo hili halimshangazi aliyeusoma utafiti wa Robert na Veda Charrow wa mwaka 1979, uliotumia maelekezo ya California yenyewe. Watu waliyasikiliza kwenye kanda, kisha wakayaeleza kwa maneno yao. Urefu wa sentensi haukuwa kikwazo kikuu. Ziliwakwaza zaidi nomino zilizoundwa kutokana na vitenzi, na kanusho zilizorundikana. Maelekezo yalipoandikwa upya, uelewa ukapanda.

Wanasheria waliopinga walikuwa na hoja nzito. Maneno ya zamani yalikwisha kupimwa kwenye rufaa, na jaji anayeyagusa anahatarisha hukumu nzima. Ni kweli, ila mahakama ya rufaa ilipima kama sheria imetajwa sawasawa, haikupima kama mwanajopo ameielewa, na anayeamua kesi ni huyo mwanajopo. Hoja ya pili ni ya ndani zaidi: neno innocent, yaani "usio na hatia", limeondoka, je, tofauti kati ya shahidi aliyekosea na aliyesema uongo haikuondoka nalo? Nasema haikuondoka. Kukosea kwenyewe hakuna nia ya kudanganya, kwa hiyo neno lile lilirudia kilichokwisha kusemwa. Na katika chumba ambamo watu wanangoja kusikia nani ana hatia na nani hana, kulibandika neno hilo kwenye kumbukumbu ya shahidi ni kuwachanganya wasikilizaji bila sababu.

Njia hii ya kuandika upya ina mpaka wake, na mpaka wenyewe uliwekwa na bunge. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyakosoa maneno ya California kuhusu uhakika wa kimaadili katika maelezo ya shaka ya maana, ile inayomzuia mwanajopo kumtia mtu hatiani, ingawa haikuitengua hukumu; mwaka uliofuata bunge la jimbo likayafuta katika kifungu cha 1096 cha sheria ya makosa ya jinai. Lakini kifungu hichohicho kiliacha maneno abiding conviction, yaani imani inayodumu. Walioandika upya maelekezo ya jinai, yaliyoidhinishwa mwaka 2005, waliweza kuinyoosha sentensi inayoyabeba, ila maneno yenyewe wakayaacha, kwa kuwa ni ya sheria. Mwanajopo wa leo bado anaambiwa awe na imani ya namna hiyo kabla ya kumtia mtu hatiani, wala haambiwi idumu kwa muda gani.