Kipimo cha Wateule katika Gattaca

Katika filamu Gattaca (1997), Andrew Niccol anasawiri jamii ambamo wazazi huteua kiinitete bora maabarani. Vincent, aliyezaliwa bila uteuzi, alikadiriwa kuishi miaka 30.2 tu. Hata hivyo anamshinda kwa kuogelea mdogo wake Anton, mteule. Na kwa kuazima damu na mkojo wa Jerome Eugene Morrow anavipita vipimo vya kazi, akasafiri angani. (Jina Eugene si la bahati: lina shina moja na eujeniki, neno alilolibuni Francis Galton mwaka 1883 kwa elimu yake ya kuboresha vizazi.)

Ila ushindi huo ndio udhaifu wa filamu. Vincent anatetewa kwa kuwa amewapita wateule kwa kipimo chao wenyewe. Je, angezama? Wafagiaji wenzake, wasiomshinda yeyote, wanabaki na ndoo zao, wala mtunzi hawatetei.